Joto au mgandamizo: kipi huharakisha mmenyuko wa gesi?

Vyote viwili, ila si kwa njia moja. Ukibana chombo, molekuli hukaribiana na kugongana mara nyingi zaidi: mgandamizo maradufu, ukolezi (wingi wa molekuli katika ujazo uleule) maradufu. Kuingiza gesi isiyohusika, kama agoni, bila kupunguza ujazo hakuongezi kasi.

Joto ndilo lenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu. Nyuzi 10 huongeza migongano kwa asilimia 2 hivi tu, lakini mimenyuko mingi hukaribia kasi maradufu, kwa sababu molekuli nyingi zaidi hupata nishati ya kuvuka kizingiti, yaani kiwango cha chini kinachohitajika ili zimenyuke. Ndiyo maana sangara hulazwa kwenye barafu.

Na presha kuka? Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi na maharage huchelewa. Mvuke ukibanwa, maji hufika karibu nyuzi 118. Mgandamizo ndio unaosifiwa. Kinachoivisha ni joto.

Viwanda vya amonia ya mbolea hutumia vyote: nyuzi 400 hadi 500, na mgandamizo mara 150 hadi 250 ya ule wa hewa. Joto likizidi hapo, kasi hupanda lakini amonia inayopatikana hupungua.