Reli ya Abiria au Mabasi Yaendayo Haraka: Fedha za Umma Ziende Wapi?

Mji unaotaka kupunguza foleni za magari huwa na njia mbili kuu: kujenga reli ya abiria, au kutenga barabara za mabasi yaendayo haraka.

Mabasi huanza mapema na kwa gharama nafuu. Curitiba, nchini Brazili, ilizindua njia zake mwaka 1974, na Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ikafuata mwaka 2000 kwa mfumo wa TransMilenio, ambao hubeba makumi ya maelfu ya abiria kwa saa kuelekea upande mmoja. Siri imo kituoni: nauli hulipwa kabla ya kupanda, sakafu ya basi hulingana na jukwaa, milango kadhaa hufunguka kwa pamoja, na mzee mwenye mkongojo huingia bila kupanda ngazi. Lakini njia hiyo isipolindwa, magari binafsi huivamia, na basi hukwama kwenye foleni ileile.

Reli hudai mtaji mkubwa na miaka mingi ya ujenzi. Hilo halina ubishi. Hata hivyo, gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hupoteza nishati kidogo, treni moja huweza kubeba watu zaidi ya elfu moja, na miundombinu yake hudumu vizazi: njia ya chini ya ardhi iliyofunguliwa London mwaka 1863 ingali inatumika. Kwa maoni yangu, penye abiria wengi mno reli hustahili gharama yake, mradi fedha za matengenezo zitengwe tangu mwanzo. Kwingineko, basi lenye njia yake, linalopita kila baada ya dakika chache, humfaa abiria kuliko reli inayosubiriwa miaka ishirini.