Kuhamisha ploti ya marehemu baba kwa warithi walio ng'ambo: ofisi ya mawakili niliyoitumia Nairobi

Ofisi hii ningeitumia tena, ila kuna karatasi moja waliyoniandikia ambayo ningeikataa tena vilevile. Ni ofisi ndogo katikati ya jiji, wakili mmoja mwanamke na karani wake. Siwataji kwa majina kwa sababu nitawasifu na kuwalaumu humu humu.

Baba alituachia ploti Riruta yenye nyumba za kupangisha. Hatimiliki iko kwa jina lake, umiliki wa kudumu usio na muda. Wosia hakuacha, na mama alikuwa ametangulia. Tumebaki watoto watatu: mimi niko hapa Nairobi, dada yetu mkubwa yuko Leicester, na kitinda mimba yuko Dallas, nesi wa zamu za usiku. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwa Sheria ya Urithi, Sura 160, wazazi wote wawili wakishaondoka watoto wanagawana sawa, wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. (Baba mkubwa alijaribu kutueleza vingine kule matangani. Tulimsikiliza kwa heshima zote.)

Kabla ya hapo nilikuwa nimeongea na mawakili wengine, na wote walitaka hatimiliki, cheti cha kifo na malipo ya kuanzia. Huyu wakili mwanamke aliuliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Hao walio nje, nani amechukua uraia wa huko, na aliuchukua mwaka gani?" Kwa swali hilo tu nikajua nimefika.

Mwaka una maana kubwa. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinasema asiye raia anaweza kushika ardhi Kenya kwa kukodishiwa tu, tena isizidi miaka 99. Ploti kama yetu ikimwangukia asiye raia, fungu lake linahesabiwa kuwa la miaka 99, hata kama karatasi imeandikwa vingine. Mdogo wetu yuko Marekani kwa kibali cha ukaazi, bado ni Mkenya, hana neno. Kesi ilikuwa ya dada. Aliapishwa kuwa Mwingereza mwaka 2008, wakati Katiba ya zamani haikuruhusu uraia pacha, kwa hiyo mbele ya sheria alikuwa ameshaupoteza wa Kenya. Kitambulisho chake bado kiko kwenye mkoba, na kichwani mwake hajawahi kuwa kitu kingine. "Mimi nimezaliwa Pumwani, nani huyo ananiambia si Mkenya?" Aliikata simu. Siku ya pili akapiga mwenyewe kuuliza fomu inapatikana wapi. Katiba ya sasa inamruhusu mzaliwa wa Kenya kuurudisha uraia wake, lakini sharti aombe, haurudi wenyewe. Aliomba, akakubaliwa. Wakili alikataa kufungua faili mahakamani hadi ombi hilo liwe limeshaingia, na nikitazama sasa, hapo ndipo pesa yangu ilipofanya kazi kuliko mahali pengine popote.

Hatua zilizofuata wengi wenu mnazijua. Barua ya chifu inayotaja warithi wote bila kuruka mtu, upekuzi rasmi wa hatimiliki kupitia Ardhisasa (mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni), viapo, kisha faili katika Kitengo cha Familia cha Mahakama Kuu, Milimani. Tangazo linatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na mwenye pingamizi anapewa siku 30. Hati ya usimamizi, yaani karatasi ya mahakama inayompa mtu mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu, ikitoka, sheria inataka miezi sita ipite ndipo ithibitishwe, isipokuwa mahakama yenyewe iufupishe muda huo. Na kabla ya kuthibitishwa hugawi wala huuzi. Dalali anayekuahidi hatimiliki ya urithi kwa mwezi mmoja ana lake jambo.

Sasa karani. Yule kijana ndiye huduma yenyewe. Mimi ndiye niliyeomba usimamizi, kwa hiyo wenzangu wawili walihitaji kutia saini Fomu 38 kuridhia, na baadaye Fomu 37 kuukubali mgawanyo. Alizituma zikiwa zimewekwa alama ya njano kila mahali pa kutia saini, na juu ameandika kwa mkono: "Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, si kama unavyoitwa." Dada kitambulisho kina jina la baba, pasipoti ya Uingereza ina jina la mume. Karani aliliona hilo kwenye nakala za skani kabla sijalifikiria, akaandaa kiapo kinachosema majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Kwa mdogo wangu shida ilikuwa PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi: aliifungua zamani akiwa chuoni, kwa barua pepe ambayo hata yeye ameisahau, na uhamisho hauendi bila PIN ya kila mrithi. Karani alikaa naye kwenye simu usiku, saa za Texas, hadi wakaipata. Hakututoza zaidi.

Lawama yangu ni hii. Ili nipokee na kutia saini karatasi za uhamisho kwa niaba yao, ilibidi wanipe hati ya uwakala, iliyosainiwa mbele ya notari au kwenye ubalozi wa Kenya, kisha isajiliwe huku. Ofisi ikatuma rasimu ya kurasa nyingi. Mdogo wangu aliisoma yote akiwa mapumzikoni kazini, akanipigia: "Kaka, hii inasema unaweza kuuza, kuweka rehani na kukopea. Tulikubaliana hivyo?" Hatukuwa tumekubaliana. Nilipomuuliza wakili, alisema huo ndio mfano wao wa kawaida na ungetupunguzia usumbufu siku za mbele. Huenda kwake ni kawaida. Kwa familia ambayo wawili wako nje na mmoja ndiye anayepokea kodi ya wapangaji, karatasi ya namna hiyo inavunja undugu hata ikikaa kabatini tu. Niliirudisha. Ikaandikwa upya kwa ukurasa mmoja: kutia saini uhamisho wa ploti hii moja, kwenda kwa majina haya matatu, na nguvu yake inakoma usajili ukikamilika. Walifanya bila kununa, lakini ilibidi tuombe.

Kusikizwa kwa ombi la kuthibitisha hati kulikuwa kwa video. Huku ilikuwa saa tatu asubuhi, Leicester saa moja, Dallas saa saba usiku na mdogo wangu yumo ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali, taa ya ndani imewashwa tumwone uso. Jaji alimuuliza kila mmoja kama ameuelewa mgawanyo na kama anaukubali. Dada alijibu Kiswahili. Dakika chache, yamekwisha.

Gharama: tulielewana shilingi 180,000 kwa awamu tatu, faili lifunguliwapo, hati itokapo, na hatimiliki ipatikanapo. Ada za serikali na madeni ya kaunti ya ploti ni juu yako. Dalali mmoja wa mtaani alikuwa ameshatutia hofu tuandae asilimia 4 ya thamani ya ploti kwa ushuru wa stempu. Hiyo ni ya kununua ardhi mjini. Uhamisho kwenda kwa mrithi umesamehewa, na wakili alilieleza hilo siku ya kwanza bila kuulizwa.

Sisi tulichukua hatimiliki moja yenye majina matatu na hisa sawa. Kama mnataka kila mtu na yake, kupima na kugawa ni kazi ya mpima ardhi na bei yake ni nyingine kabisa. Na kama ni shamba la kilimo huko mashambani, kuligawa kwa hatimiliki mbalimbali kunahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, ingawa urithi usiogawa shamba hauhitaji.

Ofisi hii inafaa familia iliyokwisha kuelewana na iliyotawanyika. Kwa wanaovutana haifai: nilimsikia wakili akimwambia mteja mwingine waziwazi kwamba hapatanishi ndugu. Hao waanze na upatanishi ulio chini ya mahakama, upo Milimani tangu 2016.