Intaneti ya nyumbani kuanzia Sinza hadi Mkuranga: kipi kwanza, kipi mwisho

Anayeingia dukani huuliza kasi na bei. Kabla ya hayo kuna la kuangalia nje ya geti. Nguzo ya mtaani kwako ina kisanduku chenye nyaya nyembamba zinazoelekea majumbani? Kama haina, mnara ulio karibu ni wa kampuni gani? Goba na Kimara, hapa Dar es Salaam, zina nyumba zinazotazamana, moja mlimani na nyingine bondeni, na kinachoshika huku kule hakishiki. Jirani akikusifia ruta yake, muulize ameiweka dirisha gani.

Piga hesabu ya matumizi kwanza

Kasi hutangazwa kwa megabiti kwa sekunde (Mbps), faili hupimwa kwa megabaiti. Gawanya kwa 8: kifurushi cha Mbps 20 hushusha megabaiti 2.5 kwa sekunde, hapo mambo yakiwa mazuri. Runinga moja ya HD huhitaji kama Mbps 5, ya 4K kati ya 15 na 25, na kikao cha video Mbps 3 hadi 4 kwenda na kurudi. Nyumba yenye runinga moja, simu tano na mtu mmoja anayefanya kazi kwa kompyuta inatoshwa na Mbps 20. Anayekushawishi uchukue 100 kwa nyumba hiyo anakuuzia hewa.

Kwenye bando za GB, hesabu ni nyingine. Video ya HD hula hadi GB 3 kwa saa. Watoto wakitazama saa 3 kwa siku ni GB 9, yaani GB 270 kwa mwezi. Bando la GB 100 litakata siku ya 12, na hapo hujagusa simu yako.

Neno "bila kikomo" lisikulaze. Uliza mambo mawili na ujibiwe kwa maandishi, hata kwa meseji: kasi inashushwa baada ya GB ngapi, na inashushwa hadi ngapi? Ikishuka hadi Mbps 2, WhatsApp itakwenda lakini runinga itazunguka jioni nzima.

1. Faiba, kama nguzo ipo

Ikifika mlangoni, chukua faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo unaopitisha mwanga. Hakuna cha kushindana nayo kwa utulivu, na kwa familia inayotazama runinga kila siku gharama ya kila GB huwa ndogo kuliko njia nyingine zote. TTCL wana huduma ya Faiba Mlangoni Kwako, na zipo kampuni nyingine zinazohudumia mitaa fulani tu. Masaki, Upanga, Mikocheni na Sinza unaweza kukuta kampuni zaidi ya moja kwenye nguzo moja. Ukielekea Chanika, Kivule au Madale, mtaa mmoja unao na wa pili hauna.

Usiulize "mnafika Tabata?" Jibu litakuwa ndiyo. Tuma eneo lako kamili kwa ramani ya simu, kisha uliza kisanduku cha karibu kiko umbali gani, kina nafasi iliyobaki, na ni mita ngapi za waya zilizomo kwenye bei ya kuunganishwa. Kisanduku kikishajaa, unaweza kulipa leo ukaunganishwa baada ya wiki nyingi. Mpangaji amalizane na mwenye nyumba kabla fundi hajatoboa ukuta, na mkataba uwe kwa jina la anayelipa.

Siku fundi anapokuja, simama naye. Ana kipima mwanga, kifaa kidogo kama simu ya kitochi, kinachosoma namba yenye alama ya kutoa. Vifaa vingi vya faiba za majumbani hupokea mwanga hadi karibu -27 dBm (kipimo cha nguvu; namba ikikaribia sifuri, nguvu ni kubwa). Namba ikisoma -19 au -21, safi. Ikisoma -26, neti itawaka na fundi atakwambia "ipo poa", lakini hujabakiwa na akiba: kiungo kikichafuka kidogo au waya ukivutwa na upepo, taa nyekundu ya LOS, inayosema mwanga umepotea, inaanza kupepesa. Mwambie asafishe kichwa cha waya, arudie kiungo, apime tena mbele yako. Piga picha ya namba hiyo. Miezi sita baadaye ukilalamika, unayo ya kulinganisha.

Ndani ya nyumba waya wa faiba usikunjwe pembe kali. Mkunjo wake uwe mpana, usiwe mdogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai, na usipigiliwe misumari ya waya za umeme. Nje, adui ni lori la mchanga linalopita chini ya waya ulioning'inia, pamoja na katapila la barabara au mtaro wa bomba la maji. Dai waya uvuke njia kwa kimo cha kutosha. Hili fundi mwenye haraka hulikwepa, kwa sababu linataka ngazi ndefu.

Faiba nayo si kinga ya kila kitu. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na nchi nzima ikahangaika, mwenye faiba na mwenye bando la simu wote sawa. Ndiyo maana laini ya simu ya kampuni nyingine, yenye bando dogo, haikosi kazi nyumbani.

Umeme ukikatika

Faiba haipitishi umeme. Kifaa chako kikizimika, neti imekwenda. Dawa ni UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba. Soma kibandiko cha adapta yako: volti lazima zilingane kabisa (nyingi ni 12V), na ampea za UPS ziwe sawa au zaidi. Usiamini saa zilizoandikwa kwenye boksi. UPS yenye mAh 8,800 huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri, yaani wati-saa 32 hivi, na baada ya upotevu zinabaki kama 26. Kifaa cha faiba na ruta vikila wati 13 kwa pamoja, una saa 2. Boksi litakuwa limeandika 8.

"Neti mbovu" nyingi ni ukuta

Fundi hupenda kufunga kifaa chumba cha mbele, karibu na alikoingizia waya. Kuta mbili za tofali za saruji baadaye, chumba cha nyuma kinapata vijistari viwili. Unganisha kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye ruta na upime kasi. Ikiwa kamili hapo na ndogo chumbani, kampuni haina kosa. Sogeza ruta katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na friji. Runinga iliyo chumba kimoja nayo iwekwe kwenye Wi-Fi ya 5 GHz (si 5G ya simu), vifaa vya mbali vibaki 2.4 GHz, na kwenye nyumba za kupanga zilizobanana chagua chaneli 1, 6 au 11. Nyumba ya ghorofa ipewe waya wa mtandao wa Cat6 na ruta ya pili. Vifaa vya kurudia Wi-Fi vya kuchomeka ukutani hupunguza kasi, mara nyingi kwa nusu.

2. Ruta ya laini, 5G au 4G

Faiba haipo? Hii ndiyo yako, na kwa Kigamboni ya ndani, Kibamba, Chamazi, Mkuranga au Kisarawe mara nyingi ndiyo ya kwanza. Vodacom waliwasha 5G Septemba 2022 na wenzao wakafuata. Lakini 5G ni ya mitaa, si ya wilaya. Ukitoka nje ya mji, swali linakuwa nani ana 4G nzuri.

Usinunue ruta kabla ya kupima. Azima simu zenye laini za Vodacom, Airtel, Yas (iliyokuwa Tigo), Halotel na TTCL. Kwenye mipangilio ya simu za Android, sehemu ya kuhusu simu, hali ya laini huonyesha nguvu ya mnara kwa dBm. Zunguka nyumba, dirisha kwa dirisha. -85 ni nzuri sana, -100 inavumilika, kuanzia -110 kwenda chini utateseka. Kisha pima kasi mara mbili: saa 9 alasiri na saa 3 usiku. Ya usiku ndiyo utakayoishi nayo, kwa sababu watu wote wa mtaa hugawana mnara mmoja. Mistari ikijaa na kasi ni ndogo usiku, mnara umeelemewa. Hakuna antena itakayokusaidia. Hamia kampuni nyingine.

Vijijini, masafa ya chini kama 700 na 800 MHz hufika mbali na kupenya mashamba ya minazi na mikorosho kuliko 1800 au 2600. Kwa hiyo ruta iwe na bendi za B28 (700) na B20 (800) pamoja na B3 (1800). Soma karatasi ya vifaa, usitegemee neno "4G" kwenye boksi. Na uliza kama imefungwa kwa kampuni moja. Iliyofungwa huwa rahisi kwa bei, ila siku mnara wa kampuni hiyo ukielemewa, umebaki na kopo la plastiki.

Antena ya nje hubadilisha mambo pale palipo na mnara wa mbali lakini usioelemewa. Nunua ruta yenye matundu mawili ya SMA (ya kufungia waya wa antena), antena ya kuelekeza yenye nyaya mbili, na bomba la mita 4 hadi 6. Zungusha kidogo kidogo huku mwenzako akisoma ukurasa wa ruta (anwani imebandikwa chini yake), akiangalia SINR (usafi wa mawimbi dhidi ya kelele) zaidi ya vijistari. Ikipita 13 ni nzuri, ikiwa chini ya 0 ni kelele tupu. Waya uwe mfupi na mnene: mita 10 za RG58, waya mwembamba wa antena, hupoteza zaidi ya robo tatu ya nguvu kwenye 1800 MHz, na watu huishia kulaumu antena.

Laini ya ruta isajiliwe kwa kitambulisho chako cha NIDA na alama za vidole vyako, siyo za kijana wa kibandani. Piga *106# uone zilizosajiliwa kwa jina lako.

3. Dishi dogo la paa

Kampuni ndogo hufunga dishi la 5 GHz juu ya paa linalotazamana na mnara wao. Likiona mnara bila kizuizi, hufanya kazi vizuri, hata mvua haliiogopi sana. Mwembe wa jirani ndio huliua: lilifungwa mti ukiwa mfupi, msimu wa pili majani yameziba. Omba uonyeshwe mnara wenyewe kwa macho ukiwa juu ya ngazi. Bomba liwe na waya wa ardhini, la sivyo radi ya masika itapita kwenye kebo hadi kwenye ruta na runinga.

4. Satelaiti

Ni kwa shamba au kambi ambako hakuna mnara kabisa. Za zamani zinazokaa kilomita 35,786 juu hushusha faili vizuri, lakini mazungumzo ya video huchelewa zaidi ya nusu sekunde. Zile za obiti ya chini, karibu kilomita 550, hazina tabu hiyo. Kabla ya kutoa hela hakikisha mtoa huduma ana leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kifaa kimeidhinishwa. Dishi lililovushwa kutoka nchi jirani na kuuzwa kimyakimya linaweza kukamatwa, au kufungiwa na kampuni yenyewe kwa sababu halijarudi nchi lilikosajiliwa. Muuzaji hatapokea simu yako.

5. Hotispoti ya simu

Kwa anayeishi peke yake Sinza na kurudi kulala tu, inatosha. Betri ya simu itachoka mapema kwa joto, kwa hiyo usiiache kwenye chaja usiku kucha huku inarusha neti, na zima masasisho ya moja kwa moja ya kompyuta. Windows ikiamua kujisasisha, GB 4 zinaondoka kabla chai haijachemka.