Corneometer na Tewameter baada ya kupimia ngozi za watu miezi sita

Nianze na hili kabisa, kama mna hela ya kifaa kimoja tu kati ya hivi viwili vya kupimia ngozi, kimoja cha unyevu na kingine cha maji yanayovuja, subirini mpate ya vyote viwili, maana kimoja peke yake kitawadanganya na namba itakuwa nzuri tu mezani.

Kazi yetu ilikuwa kupima watu wenye pumu ya ngozi na wasio nayo, upande wa ndani wa mkono kati ya kiwiko na kiganja, kwa hiyo hivi vidude nimevishika kila siku. Vyote vinatoka kwa Courage + Khazaka wa kule Cologne, Ujerumani, na ukisoma tafiti nyingi za ngozi utakutana na majina haya mpaka utayazoea.

Corneometer ndio ya kupima unyevu. Ni kifimbo chenye kichwa bapa cha mraba, milimita 7 kwa 7 hivi, unakigandamiza kwenye ngozi na ndani kuna springi inayofanya kila mtu agandamize kwa nguvu ileile, sekunde 1 tu namba imetoka. Kinachopimwa ni umeme. Maji yanauitikia uga wa umeme kuliko kitu kingine chochote kilichopo kwenye ngozi, kwenye kipimo cha wataalamu maji yako karibu na 80 wakati protini kavu na mafuta havifiki hata 10, sasa ngozi ikiwa na maji zaidi kidogo tu kifaa kinahisi. Na uga wenyewe hauendi mbali, ni mikroni 10 mpaka 20 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), yaani lile gamba la juu kabisa la seli zilizokufa, ambalo ndilo tunalolitaka. Kingine ninachokipenda sana ni kwamba hakitumii mwanga, kwa hiyo weusi au weupe wa ngozi hauingii kwenye hesabu. Kwa ngozi nyeusi hilo ni jambo kubwa jamani, maana wekundu wa ngozi iliyoumia ni mgumu kuuona kwa macho na wagonjwa wengi wanaambiwa hawana shida wakati shida ipo.

Ila namba zake zinasomwa vibaya mno. Ukipata 40 hiyo sio asilimia 40 ya maji, ni kizio cha kifaa chenyewe tu, hakina gramu wala asilimia ndani yake. Kinafaa kulinganisha, jana na leo, mkono uliopakwa na ambao haujapakwa. Nikiona tangazo la losheni linasema unyevu umepanda kwa asilimia fulani huwa nauliza kwanza ilianzia ngapi na baada ya saa ngapi, maana ngozi kavu sana ikipakwa chochote inapanda.

Tewameter sasa, hii ndio niliyoipenda zaidi na ndio iliyonitesa zaidi. Hii haijali una maji kiasi gani, inapima maji yanayokutoroka. Ngozi ya kila mtu inavuja mvuke kidogo muda wote hata bila jasho, na ukuta wa ngozi ukiwa mzima uvujaji unakuwa mdogo, pale mkononi kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi ni gramu 5 mpaka 10 kwa mita ya mraba kwa saa. Kifaa ni kimrija kilicho wazi juu na chini, ndani kina vihisio vya unyevu na joto vilivyokaa kwenye vimo viwili tofauti, ikijulikana tofauti kati ya chini na juu basi kasi ya mvuke inapigwa hesabu kwa kanuni ya Fick ya mwaka 1855, ile inayosema mvuke unatoka penye wingi kwenda penye uchache. Hicho kizio sasa ni cha kweli, gramu ni gramu.

Shida ni kwamba mrija uko wazi na hewa inaingia. Wiki ya kwanza namba zetu zilikuwa zinaruka tu, mtu mmoja mkono uleule 7 halafu 13, tukahangaika siku mbili nzima kumbe ni feni ya chumba cha jirani na mlango tuliokuwa tunauacha wazi, tukazitupa zile data zote na iliniuma. Chumba lazima kiwe nyuzi 20 mpaka 22, unyevu wa hewa kati ya asilimia 40 na 60, mtu akae mikono wazi dakika 20 au 30 kabla hujamgusa, asiwe ametoka kunawa, asiwe na wasiwasi pia kwa sababu jasho la woga nalo linahesabiwa kama uvujaji. Na usiwahi namba ya kwanza, subiri itulie.

Kwa nini nasema vyote viwili. Alikuja kijana ana pumu ya ngozi tangu utotoni, kifimbo cha unyevu kikatoa namba nzuri kabisa kama ya mtu asiye na tatizo, tungeishia hapo tungemwandika mzima. Tewameter ikasoma zaidi ya 20. Kumuuliza, kumbe alijipaka losheni ya gliserini asubuhi hiyo ingawa alishaombwa asipake chochote tangu jana yake, gliserini inavuta maji na kuyashika pale juu lakini ukuta wenyewe ulikuwa bado unavuja. Mafuta ya mgando yanafanya kinyume, uvujaji unashuka papo hapo kwa sababu yameziba, ila Corneometer inaweza hata kushuka mwanzoni maana kuna tabaka la mafuta limekaa katikati.

Kwa upande wa nyota, kati ya tano naipa Corneometer nne na Tewameter tano kama chumba mnacho, kama hamna chumba msijisumbue nayo kwanza.

Kwa atakayevitumia, pima unyevu mara tatu au tano lakini sogeza kichwa kidogo kila mara, ukirudia palepale unaziba mvuke na namba itapanda yenyewe, halafu futa kichwa kwa tishu kavu kati ya mtu na mtu, na penye nywele nyingi hama sehemu kwa sababu kichwa hakigusi ngozi vizuri.