Plaiwudi nyembamba kwa kuta za mviringo za karavani ya zamani: ipi iwe ya kwanza, ipi ya mwisho

Malalamiko ninayoyapata kutoka kwa watu wanaofufua karavani za zamani yanafanana mno. Ukuta wa mbele umepindwa vizuri, umepigwa msasa, umepakwa vanishi, halafu taa ya ndani inapowashwa mistari inajitokeza. Ni mistari mirefu inayopanda pamoja na tao, au nyufa fupifupi zilizojipanga kwa safu moja. Mwenye karavani hulaumu vanishi, au maji aliyolowanishia, au fundi wake. Mimi humwomba atafute kipande kilichobaki akitazame ukingoni. Mara nyingi jibu lipo hapo.

Plaiwudi ya milimita 3 huwa na tabaka tatu tu: vinia mbili za nje (vinia ni bapa jembamba la mbao) ambazo nyuzi zake zinaelekea upande mmoja, na katikati moyo ambao nyuzi zake zinazikata hizo za nje. Vinia ya moyo aghalabu si kipande kimoja. Ni vipande vilivyopangwa ubavu kwa ubavu. Visipokutana hubaki pengo, vikipandana hutokea kigongo. Shiti la namna hiyo ukilitumia mgongoni mwa kabati litakaa miaka bila tatizo. Ukilipinda ndipo siri inapotoka.

Kwenye karavani tunapinda kwa njia rahisi, yaani nyuzi za nje zinalala kutoka ubavu mmoja wa karavani hadi wa pili, sambamba na mhimili wa tao. Nyuzi za moyo ndizo zinazozunguka na tao, nazo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mvuto. Palipo na pengo hakuna moyo wa kubeba, kwa hiyo vinia ya nje inavutwa peke yake, tena kwa kukata nyuzi zake, na inapasuka. Isipopasuka inabonyea, na vanishi inayong'aa huonyesha kila kibonyeo. Ukipinda kwa njia ngumu, nyuzi za nje zikizunguka na tao, hali ni mbaya zaidi: pengo linalala sambamba na mhimili, na shiti linakunjika hapohapo kama bawaba.

Kinachoniudhi ni kwamba hakuna lebo ya kawaida inayokuambia habari hii. EN 314-2 daraja la 3, kiwango cha Ulaya, inahusu gundi: kwamba haitaachia hata ikichemshwa. Ni jambo muhimu, kwa sababu karavani ya zamani huvuja na huloa kwa pumzi za wanaolala ndani, lakini halihusiani na mapengo. Herufi B na BB kwenye plaiwudi ya mbetula (mti unaoitwa birch kwa Kiingereza) zinahusu sura ya nje, kwamba BB inaruhusu viraka na vifundo vingi kuliko B. Mtu analipia uso wa daraja la juu huku moyo ukiwa na mapengo, na karatasi zake zote ziko sawa.

Kwa hiyo kagua mwenyewe. Shiti la 2440 × 1220 ambalo nyuzi zake za nje zinakwenda kwa urefu, moyo wake unakata kwa upana, na mapengo yanajionyesha kwenye ukingo mrefu. Chuchumaa, mulika kwa tochi kutoka upande, pitisha ukucha polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Pengo utaliona kama kitundu cheusi kati ya vinia mbili. Kigongo utakiona kama mahali ambapo moyo umekuwa na matabaka mawili membamba na ukingo umevimba kidogo. Ukikuta kitundu, nenda ukingo wa pili, mkabala nacho. Kikiwepo na huko, ujue pengo limepita shiti zima. Angalia pia puti. Viwanda vingine huziba vitundu vya ukingoni, na puti unaitambua kwa kuwa haina nyuzi, ina rangi moja tu na ukucha unaingia.

Sasa orodha yangu, na upendeleo wangu siufichi.

Ya kwanza: mbetula nyembamba ya Koskisen, kutoka Ufini. Chukua ya milimita 1.5 na uibandike mara mbili, ya pili juu ya ya kwanza ikiwa tayari imepindwa. Kampuni hii inatengeneza hata plaiwudi ya ndege, na uzoefu huo unaonekana ukingoni: moyo umeshikana, vinia ni nyembamba na sawa, gundi ni ya fenoli, isiyoachia kwa maji. Sababu ya kupendelea mashiti mawili ni hesabu ya ugumu. Unene ukipungua nusu, ugumu wa shiti hupungua mara nane, kwa hiyo milimita 1.5 inafuata tao bila kulazimishwa. Gundi ikishakauka katikati ya mashiti mawili, ukuta unashika umbo na hauzivuti skrubu za kiunzi. Ukuta wa shiti moja nene uliolazimishwa kukaa unasukuma kutoka ndani kila siku, na mbao za kiunzi cha zamani, ambazo nyingi zimeshaonja maji, hazina nguvu ya kuuzuia. Jambo lingine ni rangi. Karavani nyingi za Marekani za miaka ya 1950, Shasta zikiwemo, zilipambwa ndani kwa plaiwudi ya mbetula, kwa hiyo kipande kipya chenye shelaki ya rangi ya kaharabu kinakaa vizuri pembeni ya ukuta wa asili. Kasoro yake ni ukubwa: mashiti haya membamba mara nyingi ni ya mraba na ni madogo, hayavuki upana wa karavani nzima. Panga kiungio kianguke nyuma ya kabati au chini ya ubao wa pambo, na kiungio cha shiti la pili kisiwe juu ya kile cha kwanza.

Ya pili: plaiwudi ya okume, mbao nyepesi yenye wekundu, iliyo na BS 1088, yaani kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya baharini. Joubert ya Ufaransa ndiyo ninayoitaja kwanza. Okume ni nyepesi. Shiti la milimita 3 la 2440 × 1220 lina uzito wa kilo 4 hivi, la mbetula linafika 6, na ukishavika dari na kuta zote mbili za mviringo tofauti inasikika kwenye ekseli. Inapinda kwa upole pia. Lakini vinia zake za nje ni nyembamba na laini, mashine ya msasa inazitoboa upesi, na wekundu wake hauendani na mbetula ya zamani. Kama ukuta utapakwa rangi, hata mimi naichukua hii.

Ya tatu: plaiwudi maalumu ya kupinda. Hii vinia zake mbili za nje ni nene na moyo ni mwembamba sana, ndiyo maana inajikunja kwa mkono. Inafaa kona kali ambazo nyingine zote zinapasuka, lakini uso wake una manyoya na hauwezi kuachwa wazi; lazima uubandikie vinia nzuri juu. Zipo aina mbili: inayojikunja ikawa nguzo ndefu na inayojikunja ikawa pipa fupi. Kwa ukuta unaovuka upana wa karavani unataka ya nguzo. Uliza kabla ya kulipa, kwa sababu ukiletewa ya pipa utaikata vipande vifupi na ukuta utajaa viungio.

Mbetula ya kawaida ya milimita 3 inafaa tu kama umeruhusiwa kukagua kila ukingo. Lauani, yaani plaiwudi nyembamba ya kufunikia milango, ni rahisi kupatikana na bei yake ni ndogo, lakini gundi yake mara nyingi ni ya matumizi ya ndani ya nyumba tu, isiyostahimili maji, na moyo wake ndio wenye mapengo kuliko yote. Siwezi kuipendekeza ndani ya karavani.

Nina neno na wauzaji. Kwenye biashara ya plaiwudi kuna kanuni: namba inayotajwa kwanza ndiyo upande ambao nyuzi za nje zinaelekea. 2440 × 1220 na 1220 × 2440 ni mashiti mawili tofauti kabisa kwa anayepinda. Wauzaji wengi wanaziandika wanavyotaka, ukiuliza wanasema ukubwa ni uleule, na shiti linafika mlangoni likiwa linapinda upande usioutaka. Wengine wanauza furushi lililofungwa na hawataki ulifungue, halafu wanakataa kurudishiwa. Wengine wanaiita ya baharini plaiwudi yoyote nyekundu na kuipandisha bei, bila namba ya kiwango wala jina la kiwanda. Milimita 3 ukiipima unakuta 2.7. Mteja anayelipa bei ya juu ana haki ya kuona ukingo, na muuzaji anayekunyima haki hiyo mwache na mali yake.

Ukishindwa kuthibitisha gundi, omba kipande kidogo. Kichemshe kwa muda wa saa nne, kikaushe kabisa, kichemshe tena kwa muda wa saa nne, kisha jaribu kutenganisha tabaka kwa patasi. Mstari mweusi wa gundi kwa kawaida ni fenoli, lakini mweupe peke yake si ushahidi wa ubaya kwa kuwa gundi ya melamini nayo ni nyeupe. Jibu litatoka kwenye sufuria. Na unaponunua, chukua shiti moja la ziada kutoka furushi lilelile siku hiyohiyo. Furushi linalofuata litakuwa na rangi nyingine, na huenda hata moyo mwingine.