Uzoefu wangu na Marching Song ya Mike Westbrook

Jamani hii albamu nina mwezi wa pili naisikiliza na bado haijaniachia. Marching Song, ya Muingereza Mike Westbrook, ilitoka 1969 chini ya lebo ya Deram, volyumu mbili. Ni bendi kubwa ya jazi lakini usitegemee ile jazi laini ya hotelini, humu wanakusimulia vita mwanzo mwisho na hakuna hata muimbaji mmoja. 1969 Vietnam ilikuwa imepamba moto, na wenyewe waliutangaza kabisa kuwa muziki wa kupinga vita.

Inafungua na Hooray!, unasikia umati unashangilia, mara gwaride linaingia. Mimi nimekulia Temeke, kule matarumbeta ya harusi yakipita mtaani hata kama unafua unaacha beseni unatoka na mapovu mkononi, basi mwili ukafanya vilevile, mguu unagonga sakafu wenyewe nimefurahi kweli. Halafu saksafoni zikaanza kupasukia juu ya ule mdundo, zinalia kama mtu anayejaribu kuwaonya watu na hakuna anayemsikia. Mara ya kwanza nikadhani ni fujo tu za jazi huru, ile kila mtu anapiga anavyojisikia.

Sasa muuzaji niliyemlipa mtandaoni akanitumia volyumu ya kwanza peke yake wakati nimelipia zote mbili, ya pili nimehangaika nayo mwezi mzima mpaka ikafika. Iliniuma ila ndo ikanifundisha namna hii kazi ilivyopangwa, maana ya kwanza inaishia kwenye wimbo wenyewe Marching Song, yaani wanajeshi bado wako njiani, na mimi mwezi mzima nimebaki nao pale barabarani.

Ya pili ndo moto. Kuna Conflict, yaani mapigano yenyewe, ile naomba uisikilize ukiwa mwenyewe na usiwe umechoka. Wapiga dramu wako wawili, Alan Jackson na John Marshall, besi nazo mbili, Barre Phillips na Harry Miller (huyu mzaliwa wa Afrika Kusini), na juu yao jeshi zima la wapulizaji, kuna John Surman na saksafoni yake ya baritoni, kuna Paul Rutherford na Malcolm Griffiths kwenye tromboni. Wakianza kupiga kwa pamoja huwezi kutenganisha nani ni nani, ukuta mzima unakujia, nilivua hedifoni nikazivaa tena. Kisha inakuja Requiem, Tarnished, na mwisho Memorial.

Ilipoisha nikarudisha Hooray! palepale. Umati uleule unashangilia, gwaride lilelile, ila mguu haukugonga, nilikuwa nawasikiliza wale watu wanaopiga vigelegele nikatamani kuwaambia nyamazeni kwanza.

Kasoro yake kwangu ni moja, Landscape ya kwenye volyumu ya kwanza ni ndefu na inatembea polepole mno, nilikaribia kuiruka. Usiiruke lakini, ule utulivu utaukumbuka ukifika kwenye mapigano. Na tafadhali usiisikilize kwa spika ya simu, zile besi mbili zinapotea zote, na kabla hujalipa hakikisha unapata volyumu zote mbili.