Uzoefu wangu na Kichomi cha Kezilahabi

Kama umelelewa na shairi la mizani (silabi) 16 kwa mshororo, vina vya kati na vya mwisho, jiandae kukwazwa na kurasa za mwanzo za Kichomi, kitabu cha mashairi cha Euphrase Kezilahabi. Kilitoka mwaka 1974, mtunzi akiwa na miaka 30, na wapo washairi wakubwa wa wakati ule waliokataa kabisa kuyaita haya mashairi. Hakuna vina, hakuna mizani, na mstari mwingine una maneno mawili tu.

Mimi nakipenda. Ila kinataka kusomwa kwa sauti. Macho peke yake hayatoshi, kwa sababu mapigo yake yamo kwenye pumzi: mstari unapokatika, nawe simama hapo hapo, ndipo utasikia kwa nini ameukata. Kiswahili chake ni hiki tunachoongea, huhitaji kamusi ya maneno ya kale. Ugumu uko kwenye picha anazochora, na huo ugumu mimi nausamehe.

Shairi lililonifanya nisijutie hela yangu ni "Upepo wa Wakati". Mawimbi ya ziwa yanasukumwa na upepo, na binadamu naye anasukumwa na wakati. Ukilisimulia hivyo linaonekana jepesi, lakini Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, kisiwani ndani ya Ziwa Victoria, na kwake ziwa si pambo. Sisi tuliokulia Mwanza tunajua likichafuka wavuvi hufanyaje: mitumbwi inavutwa nchi kavu, biashara imekwisha, hakuna wa kubishana nalo. Ukilisoma ukiwa na picha hiyo kichwani, lile neno "wakati" linatisha.

"Kisu Mkononi" sikushauri ulisome usiku ukiwa peke yako, hasa kama una mambo yako. Mtu ameshika kisu, anaona miaka inavyomtoka bila kurudi. Nimesoma maombolezo mengi ya wazee kuhusu kifo. Hili limetoka kwa kijana, na halina mahubiri hata kidogo. Nililiacha, nikalirudia wiki iliyofuata mchana kweupe.

Yale ya siasa hayakunishika sana. Baadhi yanamtaka msomaji akumbuke hali ya nchi ya miaka ile, na asiyekuwepo atapita tu.

Nakala yangu ni ya mtumba, niliipata kwa wauza vitabu wa barabarani Posta, Dar es Salaam. Gundi imekauka, kurasa kadhaa zimeachia, na mwanafunzi mmoja ameandika "dhamira" na "tamathali" kwa penseli pembeni karibu kila ukurasa. Hiyo penseli imenikera kuliko gundi. Ukinunua ya namna hii, hesabu kurasa kabla ya kulipa, na usiogope kuomba punguzo.

Sasa natafuta Karibu Ndani, kitabu kingine cha mashairi ambacho Kezilahabi alikitoa mwaka 1988. Mwenye nakala ya kuuza aseme bei, hata kama haina jalada.